Gredi Ambayo Emma Aliogopa Kuitaja

"Emma, nipe index namba yako."

Emma akajifanya anasoma tangazo la bei ya laminating lililobandikwa ukutani.

"Emma."

"Ee?"

"Index namba, ile ya mtihani. Portal ya vyuo inafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, na leo ni Jumatano. Mimi nishajaza yangu. Tuweke yako tuchague campus moja, tumalize hii story."

"Niliacha result slip nyumbani."

"Jana uliacha nyumbani. Juzi uliacha nyumbani. Kwani hiyo slip imeolewa huko?"

Ciku, dada yake huyo kijana, Gichuru, ndiye mwenye hiyo cyber, duka la kompyuta na intaneti, hapo Kimbo. Alicheka mpaka akaharibu photocopy ya mtu. Emma naye akacheka, lakini kile kicheko kilitoka kikiwa kimekauka.

Sasa nikueleze ukweli, maana Emma mwenyewe hawezi. Gichuru ni kijana wa hapo Kimbo, mrefu, mpole, amepata B plus kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na anataka kujenga madaraja. Emmaculate, ndiye Emma wetu, ni binti wa Mzee Khisa wa Mwihoko. Walisoma darasa moja, na wote wameshagonga miaka ishirini, kwa hivyo msianze kunipigia kelele. Corona na kuhamahama shule ndivyo vilivyowachelewesha. Tangu Januari, Emma amemwambia mpenzi wake kwamba alipata C plus, ile gredi inayomfungulia mtu mlango wa campus, chuo kikuu.

Uongo. Alipata D. Si D plus. D yenyewe, kavu, haina hata mkia.

Na mtu wa D haendi kusomea digrii moja kwa moja, hata alie machozi ya damu. Emma alijua hivyo. Alijua pia kwamba siku Gichuru akiiona hiyo D, mapenzi yameisha. Hivyo ndivyo alivyoamini, na alikuwa na sababu yake.

"Nikifika nyumbani nitakutumia kwa meseji," akasema, akibeba mkoba wake.

"Promise?"

"Promise."

Hakutuma.

Alhamisi asubuhi alikuwa amekaa mlangoni kwao Mwihoko, ameshika waya wa shaba huku baba yake akiuzungusha kwenye mota ya pampu. Mzee Khisa ni fitter, fundi wa mitambo, kwenye kiwanda kimoja Thika, na wiki hiyo alikuwa anaingia kazini jioni. Mchana anatengeneza mota za majirani.

"Baba, kama umemdanganya mtu kitu kikubwa sana, na unampenda..."

Mzee Khisa akasimamisha mkono.

"Una mtoto mahali?"

"Baba!"

"Basi si kikubwa. Vuta waya, usilegeze." Akazungusha mara mbili, tatu. "Ni yule kijana wa Kimbo? Hujamwambia?"

Emma akatikisa kichwa.

"D si maiti, mama, eti tukae hapa tukilia matanga. Kesho mimi na wewe tunaenda technical, chuo cha ufundi pale Thika, tuulize. Kijana wa watu mwambie leo."

Simu ikalia. Meseji ya Gichuru.

*Emma, kesho ndio mwisho. Niambie tu chochote. Sitakasirika.*

Aliisoma mara tano. Hilo neno *sitakasirika* ndilo lililomtia hofu zaidi. Mtu hasemi hatakasirika kama hajaanza kushuku. Waya ukalegea, baba yake akaguna. Emma akaingia ndani, akakaa kitandani, akaandika akafuta, akaandika akafuta. Mwishowe akatuma hii:

*Gichuru samahani. Nimepata mtu mwingine. Jaza yako uende. Usinitafute.*

Mtu mwingine! Mtu mwingine gani, na msichana anashinda ndani na mota za baba yake? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini Emma yake alikuwa anaiongezea lami.

Gichuru alipiga simu mara saba, Emma akaiangalia tu ikilia. Baadaye ikanyamaza.

Ijumaa saa tisa alasiri, Mzee Khisa na binti yake walikuwa wamekaa mbele ya meza ya registrar, msajili wa wanafunzi, pale technical, Thika. Mzee alikuwa amevaa koti la kanisani. Emma ameshika result slip kwa vidole viwili, ameikunja mpaka imekuwa ndogo.

"Ana gredi gani?" registrar akauliza.

Emma akaisukuma ile slip mezani.

Registrar huyo, mama wa watu, akaikunjua, akaisoma, akasema, "D plain. Karibu."

"Madam, ni D," Mzee Khisa akamkumbusha, kana kwamba hakuona vizuri.

"Nimeona, mzee. Na D anaingia craft certificate, cheti cha ufundi. Wa chini yake wanaanzia artisan, ngazi ya chini kabisa, na wao pia tunawachukua. Akimaliza craft vizuri anapanda diploma. Kutoka diploma, digrii bado iko, haijahama. Ni njia ndefu, nisikudanganye. Ataona wenzake wakimaliza campus yeye bado anapanda ngazi. Lakini anafika."

"Na portal? Si inafungwa leo?" Emma akauliza, sauti ya chini.

"Njia ya portal inafungwa. Lakini sisi tunapokea pia mtu akija mwenyewe. Njoo Jumatatu na slip yako na kitambulisho. Unataka kusoma nini?"

"Umeme," Emma akasema, kabla baba yake hajameza mate.

"Electrical installation? Darasa la watu thelathini lina wasichana wanne. Utaweza?"

"Amefunga mota na mimi tangu primary," Mzee Khisa akajibu. Akajikuta amesimama.

Kwa mara ya kwanza tangu Januari, Emma alivuta pumzi ikafika chini. Lakini raha ya maskini haidumu. Hawajatoka hata getini, simu ikalia. Ciku.

"Emma, wewe ni mtu wa aina gani?"

"Ciku? Kuna nini?"

"Sasa hivi nimefungua mashini Gichuru alikuwa anatumia Jumatano. Aliacha account wazi. Unajua amejaza nini? Craft! Umeme, technical, hapo Thika. Hiyo tu! Mtu wa B plus! Campus zote ameondoa, na aliziondoa Jumatano hiyo hiyo, ulipotoka hapa. Nilimwona akibaki hapo kama saa nzima, nikadhani anacheza game. Halafu jana unamwandikia ati una mtu mwingine!"

Emma akashika geti.

"Umeme?"

"Umeme! Yeye mwenyewe balbu ikiungua anaita mathe! Kwa nini umeme, Emma? Umemfanya nini ndugu yangu?"

Emma akaelewa: craft ni ya mtu wa D. Gichuru alikuwa anajua kila kitu.

"Yuko wapi?"

"Thika, sokoni na mathe. Simu amezima. Nimejaribu kuibadilisha mwenyewe, imenitoa, inataka password. Skiza, imebaki chini ya masaa mawili. Usipompata kabla ya kumi na moja, usiwahi kukanyaga Kimbo tena."

"Baba," Emma akasema, "wewe tangulia."

"Unaenda wapi?"

"Kumwambia."

Huyo mathe, mama yao Gichuru na Ciku, Magdalene kwa jina la kanisani, anauza mashuka ya mitumba pale sokoni, na Ijumaa watu huwa wengi mpaka unapita ukiwa umejikunja. Emma alizunguka safu tatu akipotea, anaangalia saa, anapotea tena. Mwishowe akasikia sauti.

"Haiya! Si huyu mtoto wangu wa campus!"

Magdalene akamkumbatia mbele ya wateja wawili.

"Ndiye huyu niliwaambia. Kijana wangu anaingia engineering, na huyu naye ako tu nyuma yake. C plus! Ngai, Mungu wangu, ni mwema."

"Mama, shikamoo... Gichuru yuko?"

"Ako huko nyuma anakunja. Tangu jana hali, hasemi. Mmegombana?"

Gichuru alikuwa nyuma ya kibanda, amekaa juu ya gunia, anakunja shuka moja ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Alipomwona Emma hakusimama.

"Umeniletea huyo mtu mwingine nimsalimie?"

"Umejaza craft."

"Ciku ana mdomo."

"Kwa nini, Gichuru?"

"Kwa nini wewe ulisema C plus na hakuna C plus?"

Kelele za soko ziliendelea pale pale, watu wanaita bei, lakini Emma hakusikia tena. Alichokuwa akikiogopa kwa miezi mitatu kilikuwa kimekwisha kufanyika, tena bila yeye.

"Ulijua lini?"

"Emma, kwa mtihani tulikaa kwa kufuata index namba. Mimi ni arobaini na moja. Nani alikuwa nyuma yangu wiki tatu akiniomba rula? Unadhani siwezi kuhesabu hadi arobaini na mbili?"

Na hapo ndipo mapenzi yao yalipoanzia kusema kweli, kwenye hiyo rula. Dada wa watu amehangaika miezi mitatu kuficha namba kutoka kwa mtu aliyekaa dawati la mbele yake. Mapenzi na woga vikikutana kichwani, hesabu zinatoroka.

"Siku ile ya matokeo, jioni, nilituma namba yako nipate ile meseji ya matokeo," Gichuru akaendelea. "Nilitaka niweke zetu zote mbili kwa status. Ikarudi D."

"Tangu Januari? Umekuwa ukiniangalia nikidanganya kama mtu anaangalia sinema?"

"Nilikuwa nangoja useme."

"Kila siku 'nipe index namba, nipe index namba,' na unayo!"

"Nilitaka uitoe wewe mwenyewe."

"Hayo si mapenzi, Gichuru. Huo ni mtego!"

Gichuru akainamisha kichwa.

"Sawa. Pengine ni mtego. Lakini wewe ulidhani nitakuacha kwa sababu ya gredi? Mimi?"

"Unakumbuka voice note ya siku ile? Ya Kagwe?"

"Voice note gani?"

Yeye alikuwa amesahau. Emma hakusahau hata neno. Kagwe ni mwenzao wa darasani, alipata D minus.

"Ulisema hivi: 'Kagwe amepata D minus. Huyo sasa ni wa kusukuma mkokoteni. Kuna dem atakubali mtu wa gredi kama hiyo?' Halafu ukacheka. Ulicheka sana, Gichuru. Mimi nilikuwa nimeshika simu, yangu nimeshaiona. Dakika kumi baadaye ukaniuliza, 'Babe, na wewe umepata ngapi?' Ungekuwa mimi ungesema nini?"

Gichuru akaliweka lile shuka magotini.

"Nilisema hivyo?"

"Bado ninayo. Nikuchezee?"

"Usicheze."

Akajifuta uso na lile shuka.

"Nilikuwa nimelewa na ile B plus yangu. Nimekukosea, Emma. Hata Kagwe nimemkosea. Ndiyo maana... Jumatano ulipotoka bila kusema, nikaona labda nikiwa technical na wewe, utaamini sikudharau. Nikaweka umeme kwa sababu najua ndio utapenda."

"Wewe unapenda umeme?"

"Naogopa umeme."

"Unataka nini?"

"Unajua ninachotaka."

"Sema."

"Civil. Madaraja."

"Basi sikiza. Ukiacha madaraja juu yangu, kila siku nikikuona nitaona ile D imekupanda na wewe. Mimi nitaweza kubeba yangu. Ya watu wawili sitaweza. Saa ngapi?"

Gichuru akawasha simu.

"Kumi na dakika ishirini."

"Amka!"

Cyber iliyokuwa karibu iko ghorofa ya kwanza ng'ambo ya barabara, na siku ya mwisho kila mtu alikuwa amekumbuka kwamba ana mtoto. Ngazi zimejaa wazazi na mafaili. Walipopata mashini, ilikuwa kumi na dakika arobaini na moja.

"Anza yako," Gichuru akasema. "Wewe hujajaza hata kitu."

"Yako kwanza."

"Emma, ukikosa?"

"Nimetoka technical sasa hivi. Mlango wangu haufungwi saa kumi na moja. Wako unafungwa. Andika!"

Gichuru akaandika. Password ikakataa. Akaandika tena, vidole vinagongana. Ikakataa.

"Polepole," Emma akasema.

Ya tatu ikaingia. Ule mduara ukaanza kuzunguka. Ukazunguka. Kumi na dakika arobaini na tisa. Mama mmoja nyuma yao alikuwa anasali kwa sauti. Ukurasa ukafunguka nusu, ukaganda.

"Nimeiharibu," Gichuru akanong'ona. "Emma, nimeiharibu mwenyewe."

"Bonyeza tena."

"Ikinitoa je?"

"Bonyeza, Gichuru!"

Akabonyeza. Orodha ikaja. Akaondoa umeme, akaweka civil ya kwanza, ya pili, ya tatu, Emma akimsomea zile code za kozi alizotajiwa na Ciku, ambaye walikuwa wamempigia simu na alikuwa anapiga kelele kwenye spika akiwa Kimbo. Kumi na dakika hamsini na nne. Akabonyeza kuhifadhi. Mduara. Mkono wa Emma ulikuwa juu ya mkono wake na hakuna aliyejua uliwekwa saa ngapi.

Kumi na dakika hamsini na saba, maandishi ya kijani yakatokea. Imepokelewa.

Ciku akapiga nduru mpaka simu ikakwaruza. Gichuru akalaza paji la uso mezani akalia, mwanaume mzima.

"Watu wa mapenzi," mwenye cyber akawaambia, "kuna foleni."

Walishuka ngazi polepole.

"Na yule mtu mwingine?" Gichuru akauliza.

"Hakuna mtu mwingine."

"Nilijua. Wewe hujui kudanganya, Emma. Ungejua, ungesema B."

Emma akampiga bega. Akacheka, machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja.

"Lakini hata leo hujaisema," Gichuru akasema. "Mimi niliisoma kwa simu. Mdomo wako haujawahi kuitaja. Niambie mimi tu, hapa hapa, iishe."

"Wewe unajua tayari," Emma akamjibu. "Kuna mtu hajui."

Akavuka barabara, Gichuru nyuma yake.

Magdalene alikuwa anakunja mali, jua limeanza kupoa.

"Eh, watoto wangu wa campus! Mmemaliza?"

"Gichuru amemaliza, Mama," Emma akasema. Pale walikuwa wamesimama kina mama wawili wa kanisani kwa Magdalene, wale wale walioambiwa habari zake, na angeweza kungoja waondoke. Hakungoja. "Mimi siendi campus. Nilipata D."

"D ya nini?"

"Ya KCSE. Ile C plus nilidanganya. Niliwadanganya nyote. Nisamehe."

Magdalene akaweka shuka chini. Akamwangalia Emma. Akawaangalia wale kina mama, ambao ghafla walikuwa wanapenda sana kukagua foronya. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Na wewe ulijua?"

"Tangu Januari."

Foronya ikampata Gichuru shavuni.

"Tangu Januari! Ukaniacha niende kuringa kanisani! Na wewe msichana, kwa nini hukuniambia? Mimi nimekuwa nikikuombea kila Jumapili Mungu akupatie hostel! Hostel, Emma! Mungu naye amekuwa akinisikiza tu!"

Mmoja wa wale kina mama akashindwa kujizuia akacheka. Magdalene hakucheka. Midomo ilikuwa imembana, na Emma akajua kwamba ameumia kweli. Akasimama tu, hakujitetea.

"Sasa unaenda wapi?" Magdalene akauliza baadaye.

"Technical. Hapa hapa Thika. Naanza Jumatatu."

"Kusoma nini?"

"Umeme. Wa nyumba, na mota."

"Na utaiweza?"

"Hiyo nitaiweza, Mama."

Magdalene akavuta pumzi ndefu, akajifunga leso vizuri kiunoni. Kibanda kinachoangaliana na chake ni cha Kavata, anauza nguo za kazi za mitumba.

"Kavata!" akaita. "Kabla hujafunga, nitolee overall ya msichana wangu."

"Ya kufanyia usafi?" Kavata akajibu kutoka nyuma ya rundo.

Magdalene akamtazama Emma kutoka kichwani hadi viatuni, anampima kwa macho.

"Ya fundi," akasema. "Na iwe na mifuko."